Kipimo Nacho Kipimwe

Mfanyabiashara hana ruhusa ya kutumia mizani yoyote aipendayo. Sheria ya Kenya juu ya vipimo na mizani yamtaka aipeleke kwa mkaguzi. Mkaguzi ailinganishe na mawe ambayo uzito wake umethibitishwa. Na ikionekana kuwa ya kweli ndipo ipigwe muhuri. Mizani isiyokaguliwa humtia mwenyewe hatiani, hata kama ni mtu mwema asiyekusudia kumwibia mtu. Na yule muuza mahindi ambaye gorogoro lake limebonyezwa kitako ili libebe kidogo, sokoni huitwa mwizi bila ya kuonewa haya. Sisi sote twaona kwamba haya ni haki, maana kilo ya sukari ni mali ya mtu, na mali ya mtu haifai kuliwa kwa mizani ya uongo.

Sasa nakuuliza, msomaji: ikiwa kilo ya sukari yalindwa hivyo, akili ya mtoto yalindwa na nani? Mtoto huketi chumbani saa mbili, akajibu maswali yaliyotungwa na watu asiowajua, kisha akapewa nambari. Nambari hiyo humfungulia mlango wa shule fulani na kumfungia mlango wa nyingine. Wazazi huipokea kwa vigelegele au kwa machozi. Majirani huirudia kwa miaka mingi. Lakini katika kelele hizo zote ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali ambalo hata mnunuzi wa mahindi hulijua: je, kipimo hiki nacho kimepimwa?

Neno langu katika insha hii ni hili: hapana mtu mwenye haki ya kumhukumu mwenziwe kwa kipimo ambacho chenyewe hakijapimwa. Alama ni shahidi. Shahidi husikilizwa, lakini shahidi huulizwa maswali pia, na asiyekubali kuulizwa maswali hastahili kusadikiwa.

Kipimo chema kina sifa mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Sifa ya kwanza ni uthabiti, yaani kipimo kikirudiwa kitoe jibu lile lile. Sifa ya pili ni uhalali, yaani kipimo kipime kitu kile hasa kinachodaiwa kupimwa, wala si kingine. Hizi si sifa moja. Gorogoro lililobonyezwa kitako ni thabiti mno: litapunja leo, litapunja kesho, litapunja mtondo, tena kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mtihani wake ni wa kuaminika kwa sababu umetoa majibu yale yale miaka kumi mfululizo, mwambie kwamba bado hajakujibu. Amekuthibitishia kwamba gorogoro lake halibadiliki. Hajakuthibitishia kwamba halikubonyezwa.

Hata huo uthabiti wenyewe si jambo la kudhaniwa tu. Mwaka wa 1912 na 1913 wataalamu wawili wa Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, walichukua karatasi ya majibu ya mwanafunzi mmoja, wakatoa nakala zake, wakazipeleka kwa walimu wa shule nyingi ili kila mmoja aisahihishe peke yake. Katika somo la jiometria, ambalo watu hudhani halina nafasi ya maoni, karatasi ile moja ilipata chini ya alama 30 kwa mwalimu mmoja na zaidi ya 90 kwa mwingine. Fikiri, msomaji. Mwanafunzi ni yule yule, wino ni ule ule, na majibu ni yale yale. Kilichobadilika ni mkono uliosahihisha. Kama mwanafunzi huyo angaliambiwa kuwa ni mjinga au kuwa ni hodari, angaliambiwa habari za msahihishaji wake, naye angalidhani kuwa ni habari zake mwenyewe.

Walakini kosa la uhalali ndilo kubwa zaidi, kwa kuwa hujificha. Tazama lilivyokuwa katika historia.

Mwaka wa 1905, katika mji wa Paris, Alfred Binet pamoja na mwenzake Théodore Simon walitunga mfululizo wa maswali kwa watoto wa shule. Kusudi lao lilikuwa jema na dogo: kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi katika masomo, ili wasaidiwe. Binet hakudai kwamba amepima akili ambayo mtu huzaliwa nayo na kuzikwa nayo. Kinyume chake, aliwapinga waliosema kwamba akili ya mtoto haiwezi kuongezeka. Alikufa mwaka wa 1911. Kipimo chake kikavuka bahari, na katika safari ile kusudi lake likaanguka majini.

Kule Marekani, Henry Goddard alikichukua kipimo hicho, na mwaka wa 1913 wasaidizi wake wakakitumia katika kisiwa cha Ellis, bandari ya New York, kuwapima wahamiaji waliokuwa wakishuka merikebuni kutoka Ulaya. Watu hao walikuwa wamechoka kwa safari, wengi hawakujua Kiingereza, na wengine hawakuwahi kushika kalamu. Goddard akatangaza kwamba, katika makundi ya Wayahudi, Wahangari, Waitaliano na Warusi waliopimwa, karibu wanne katika kila watano walikuwa na upungufu wa akili. Mtu mwenye busara akipata jibu kama hilo huitazama mizani yake kwa shaka. Goddard aliwatazama watu kwa shaka, akaiacha mizani.

Miaka michache baadaye, katika 1917 na 1918, jeshi la Marekani liliwapima askari zaidi ya milioni moja na laki saba. Baadhi ya maswali yaliulizia majina ya bidhaa za madukani na ya wachezaji mashuhuri wa besiboli. Wale wasiojua kusoma walipewa picha ili watambue kilichopungua ndani yake. Picha moja ilikuwa ya kiwanja cha tenisi kisicho na wavu. Je, mkulima aliyetoka kijijini Sisilia, ambaye hajapata kukiona kiwanja cha tenisi, akishindwa kusema kwamba wavu haupo, amepungukiwa na akili au amepungukiwa na tenisi? Majibu hayo yalikusanywa, na mwaka wa 1923 Carl Brigham akatoa kitabu akidai kwamba yamethibitisha kuwa mataifa fulani ya Ulaya yana akili nyingi na mengine yana akili chache. Waswahili walikwisha kuisema siri ya mitihani ya namna hii: mwamba ngoma huvutia kwake. Aliyetunga maswali aliyatunga kwa maisha ya nyumbani kwake, kisha akastaajabu kuona kwamba watu wa nyumbani kwake ndio walioshinda.

Lakini Brigham huyo huyo alifanya jambo linalostahili kukumbukwa. Mwaka wa 1930 aliandika hadharani kwamba hoja zake za 1923 hazikuwa na msingi, na kwamba majaribio yale hayakufaa kuwalinganisha watu wa mataifa na lugha mbalimbali. Ikiwa mwenye mizani ameungama kwamba mizani ilikuwa mbovu, ni nani sisi tukatae kuiuliza mizani yetu?

Usidhani kwamba hayo ni mambo ya mbali yasiyokuhusu. Katika miaka ya 1930 hapa Nairobi pia walikuwako watu waliotaka kuonyesha kwa nambari kwamba Mwafrika ana akili pungufu. Daktari H. L. Gordon, wa hospitali ya Mathari, alipima vichwa, Daktari F. W. Vint alipima ubongo wa maiti, na taarifa yake ikachapishwa mwaka wa 1934. Gordon akaonya kwamba elimu ya Kizungu huenda ikaidhuru akili ya Mwafrika. Ona jinsi mambo yalivyofuatana: kwanza kipimo, kisha nambari, kisha hukumu, kisha shauri la kumnyima mtoto shule. Mizani waliyoitumia huenda ilikuwa sahihi kwa kupima uzito wa ubongo. Lakini hapana aliyekuwa amethibitisha kwamba uzito wa ubongo ndio akili. Gramu zilikuwa za kweli, na maana iliyobandikwa juu yake ilikuwa ya uongo. Hilo ndilo kosa la uhalali, msomaji, nalo lingaliweza kukunyima dawati unaloketi leo.

Mtu ataniambia kwamba zama hizo zimepita. Ndiyo, zama zimepita, lakini kosa halikupita nazo, maana shina lake ni kudhani kwamba kuna njia moja tu ya kuwa na akili. Katika miaka ya 1960 watafiti waliokwenda kwa Wakpelle wa Liberia waliwapa wakulima vitu ishirini wavipange pamoja vile vinavyohusiana: vyakula, zana, vyombo na nguo. Wageni walitazamia chakula kiwekwe pamoja na chakula, na zana pamoja na zana. Wakulima waliweka kisu pamoja na chungwa, kwa kuwa kisu ndicho kikatacho chungwa, wakasema kwamba mtu mwenye hekima hupanga hivyo. Mtafiti alipochoka aliuliza: je, mpumbavu angepanga vipi? Ndipo wakaweka chakula na chakula, zana na zana, kama ilivyo katika kitabu cha majibu. Walikuwa na uwezo wa kutoa jibu lililotakiwa tangu mwanzo. Walichokosa ni sababu ya kuliona kuwa ni jema. Kama mtafiti asingaliuliza swali lile la mwisho, angalirudi kwao akaandika kwamba Wakpelle hawawezi kupanga vitu.

Na hapa kwetu, karibu na Ziwa Victoria, katika kijiji cha Usenge, Robert Sternberg wa Marekani pamoja na wenzake, akiwamo Profesa Fredrick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, waliwapima watoto 85 wenye umri wa miaka 12 hadi 15. Waliwauliza juu ya dawa za miti: ipi hutibu nini, na hutumiwaje. Kisha wakawapa majaribio ya msamiati na ya masomo ya shule. Taarifa yao ya mwaka wa 2001 ilionyesha kwamba waliojua sana habari za dawa aghalabu walipata alama chache katika majaribio ya shule. Elimu ile iliyowasaidia kuishi katika nchi yenye maradhi haikuwa na nafasi katika karatasi. Mimi sisemi kwamba kujua miti shamba kutoshe mahali pa kujua hisabati. Nasema kwamba mtihani usiouliza jambo fulani hauna haki ya kusema kwamba mtoto halina jambo hilo kichwani mwake.

Tuyaache sasa majaribio ya akili, tutazame vipimo vya namna nyingine, vile ambavyo mtu humtazama mwenziwe na kumweka katika ngazi: huyu ni mtulivu sana, huyu kiasi, huyu si mtulivu hata kidogo. Vipimo hivi huonekana vyepesi, na kwa wepesi wao ndivyo vidanganyavyo zaidi. Mwaka wa 1920 Edward Thorndike alichunguza alama ambazo maofisa wa jeshi waliwapa askari wao kwa umbo, akili, uongozi na tabia. Akaona kwamba alama hizo zilifuatana kupita kiasi. Aliyepewa alama nyingi kwa umbo lake alipewa nyingi kwa akili pia, kana kwamba mabega mapana ni dalili ya fikira pana. Ofisa alidhani kwamba anapima mambo manne, kumbe alikuwa akipima jambo moja, nalo ni kupendezwa kwake. Chanda chema huvikwa pete, na kikisha kuvikwa pete huonekana chema zaidi.

Jambo hili lakuhusu wewe uliye shuleni sasa. Mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka wa 1985, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Katika mtaala wa umilisi, mwalimu hukuweka katika ngazi: unazidisha matarajio, unafikisha, unakaribia, au uko mbali nayo, na tathmini zinazofanywa shuleni zina sehemu yake katika hukumu ya mwisho. Nia ya mabadiliko haya ni njema, kwa kuwa mtihani wa siku tatu hauwezi kuona kila kitu. Lakini ngazi nne zilizoandikwa kwa maneno mazuri hazimgeuzi mtazamaji kuwa mizani. Mwalimu naye ni mwanadamu. Mwanafunzi nadhifu, mwenye sauti nzuri na vitabu vilivyofunikwa, huweza kuonekana kuwa amezidisha matarajio katika sayansi kabla hajafungua mdomo. Ikiwa hatukuuliza kama walimu wawili wanaomtazama mtoto mmoja humweka katika ngazi moja, tutakuwa tumeiondoa dhuluma ya karatasi na kuisimika dhuluma ya jicho.

Nazo hojaji za kupima huzuni na wasiwasi wa watu, nyingi zilitungwa katika lugha za mbali. Kiingereza humpa mwenye huzuni rangi ya samawati, na msemo huo umo katika hojaji moja mashuhuri ya mwaka wa 1977. Ukiufasiri neno kwa neno, utamuuliza mama wa Kwale au wa Kitui kama amekuwa na rangi ya samawati wiki hii. Atajibu kwamba hapana, naye ataandikwa kuwa ni mzima, ilhali moyo wake una mawazo mengi hata usingizi haumjii. Aliyefasiri hakukosea sarufi. Alikosea mtu.

Sasa wako watakaonipinga. Wa kwanza husema: mtihani ni mmoja kwa wote, kwa hiyo ni wa haki. Namjibu kwamba gorogoro ni lile lile pia, lakini muuzaji mmoja hulijaza hadi likachuruzika, na mwingine hulisawazisha kwa kijiti. Swali la hisabati linaloeleza habari za lifti na ghorofa ni moja kwa mtoto wa Nairobi na mtoto wa Mandera. Lakini mmoja huanza na hesabu, na mwingine huanza na kujiuliza lifti ni nini. Uliza swali hilo hilo kwa habari za ngamia na visima, na hali itageuka. Maneno kuwa mamoja si sawa na mzigo kuwa mmoja.

Wa pili husema: maneno haya yatawapa wavivu kisingizio. La, hayatawapa. Mvivu huukataa mtihani kwa sababu umemwambia kweli. Mimi nataka uulizwe ili tujue kama umesema kweli. Aliyesoma kwa bidii ndiye mwenye hasara kubwa mizani ikiwa mbovu, kwa kuwa jasho lake ndilo linalopunjwa.

Wa tatu, naye ni rafiki asiye na subira, husema: basi tuifute mitihani yote. Huyu nampinga kwa nguvu kuliko wote. Ukivunja mizani sokoni, biashara haitakuwa ya haki. Wenye nguvu watapima kwa mikono yao. Bila ya mtihani nafasi za shule zingekwenda kwa watoto wa wenye majina, na mtoto wa maskini asingekuwa na karatasi ya kumtetea. Mizani mbovu dawa yake ni kutengenezwa.

Nayo hutengenezwa kwa njia zinazojulikana. Kwanza, maswali yalinganishwe na yale yaliyofundishwa, ili mtoto asiulizwe asichopewa. Pili, wanafunzi wachache wajaribiwe kabla, nao waulizwe jinsi walivyolielewa kila swali, maana mara nyingi jibu baya hutokana na swali lililoeleweka vingine. Tatu, wasahihishaji wawili waisahihishe karatasi moja bila ya kuonana, na tofauti zao zihesabiwe. Nne, wanafunzi wenye ujuzi sawa lakini waliotoka mahali mbalimbali walinganishwe swali kwa swali; likipatikana swali linaloangusha watu wa upande mmoja tu, liondolewe. Tano, alama zifuatwe baada ya miaka: je, wale tuliowaita hodari walifanya kazi hodari, na wale tuliowaacha nyuma walishindwa kweli, au walinyimwa tu nafasi ya kushinda?

Kenya ilikwisha kuonyesha kwamba kazi hii yawezekana. Katika miaka ya 1970 mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulichunguzwa, ikaonekana kwamba maswali mengi yalidai kukariri tu. Yakaanza kutungwa maswali yanayodai kufikiri, na shule zikapelekewa taarifa za kuonyesha wanafunzi walikosea wapi na kwa nini. Mtihani uliulizwa, ukajibu, ukabadilika. Wala nchi haikubomoka.

Basi wewe mwanafunzi, ukipewa alama, ipokee kwa adabu lakini usiiabudu. Iulize mambo matatu: umepima nini hasa? Umejuaje kwamba ndicho ulichopima? Na ni nani aliyekukagua? Ikiwa ni nzuri, usijivune mpaka ikujibu. Na ikiwa ni mbaya, usikate tamaa mpaka ikujibu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Siku moja baadhi yenu mtakuwa walimu, madaktari, watunga mitihani na watunga sheria, na kalamu ya kuwaweka watu katika ngazi itakuwa mikononi mwenu. Siku hiyo, kabla hujaandika neno juu ya mtoto wa mtu, kikague kwanza kipimo chako kama mkaguzi anavyoikagua mizani ya muuza sukari. Na kama hakina muhuri, kiweke chini.